Kurasa Arobaini Alizoruka Evelio

— Nani amekishika kitabu changu?

Evelio, msomaji wetu, aliuliza akiwa juu ya jukwaa, kipaza sauti mbele ya mdomo, na ukumbi mzima wa kusokota siga ukamsikia. Watu mia na hamsini. Mimi nilikuwa meza ya tatu kutoka dirishani, nimeinama, nakata jani la tumbaku ambalo nilikuwa nimekwisha kulikata.

— Labda panya, alisema Barbarita, jirani yangu wa meza.

— Panya wa Cabaiguán siku hizi wamesoma! mtu akadakia kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Evelio hakucheka.

— Panya hageuzi alama ya ukurasa juu chini. Nauliza kwa heshima. Nani?

Akatazama meza moja baada ya nyingine. Alipofika kwangu akapita upesi, kama alivyopita siku zote, maana mapenzi yetu yalikuwa siri ya miezi saba, ila kwa mama yangu.

Ni mimi niliyekishika. Na nilichokikuta ndani yake kilikuwa kimenimaliza nguvu.

Ngoja niwaambie mapema ili mnihukumu vizuri. Mimi, Nereida Quesada, ni mlevi. Si wa ramu, wa riwaya. Nipe kitabu chenye vita vya zamani, gauni refu, farasi na barua iliyochelewa, halafu usiniulize kwa nini wali umeungua. Mama anasema nilimharibia sufuria nne kabla sijatimiza miaka ishirini. Tatizo langu ni moja tu: siwezi kusubiri. Ukiniambia "tutaendelea kesho", ni kama umeniambia nisipumue hadi kesho.

Sasa, kiwandani kwetu kuna sheria. Asubuhi msomaji anatusomea gazeti, mchana anatusomea riwaya tuliyoichagua wenyewe kwa kura, na sisi tunasokota huku masikio yetu yako vitani na harusini. Sura ikipendeza tunagonga mezani visu vyetu, vile vipana visivyo na mpini. Ikituudhi tunavitupa sakafuni. Msomaji haruhusiwi kuruka hata neno. Na msokotaji haruhusiwi kusoma mbele kuliko walipofika wenzake. Anayefanya hivyo anaitwa mwizi wa kesho, na si utani. Arsenio wa chumba cha majani alikamatwa miaka sita iliyopita, na hadi leo watu hunyamaza akikaribia.

Jumatatu ile, saa ya chakula, wote wakiwa uani na maharage yao, nilipanda jukwaani. Tulikuwa tunasomewa *Mjane wa Mtaa wa Chumvi*, riwaya ya vita vya mababu zetu dhidi ya Wahispania. Mara ya mwisho tulikuwa tumemwacha Bibi Leonor dirishani, naye Kapteni Baltasar anatandika farasi. Nilitaka kujua jambo moja tu: anaaga au haagi? Nikachuchumaa nyuma ya kiti, nikala kurasa hamsini kwa pumzi moja. Haagi. Anaondoka alfajiri kama mwizi wa kuku, na Leonor anaambiwa na mwoka mikate.

Nilipokuwa narudisha alama mahali pake, nikaisoma. Ilikuwa tiketi ya ndege. Havana hadi Madrid. Jina: Evelio Cruzata. Siku: Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo.

Chini yake kulikuwa na safari ya kurudi, baada ya siku tisini. Lakini jamani, sisi si watoto. Hapa kwetu tiketi ya kurudi ni pambo la kumfurahisha afisa wa uhamiaji. Kaka yake Barbarita alikwenda kwa wiki mbili, na mwaka huu anatimiza miaka kumi na mmoja huko.

Na huyu Evelio ndiye aliyeniambia, mkono wangu ukiwa mkononi mwake:

— Kitabu hiki kikiisha, Nere, nakuja kwa mama yako. Mchana kweupe, na shati lililopigwa pasi.

Basi, turudi ukumbini. Panya hakujitokeza. Evelio akashusha pumzi, akafungua kitabu.

— Tuendelee. "Vita vilikwisha, na kapteni akarudi Mtaa wa Chumvi."

Sentensi hiyo haikuwamo. Nilikuwa nimezisoma kurasa zile nusu saa iliyopita. Alikuwa ameitunga yeye, ikawa daraja, na juu ya daraja hilo akavuka kurasa arobaini.

— Vita vya miaka kumi vimekwisha kwa mstari mmoja? Barbarita akapaza sauti.

— Ndivyo mwandishi alivyoandika, alisema Evelio.

Nikamtazama. Sikuwahi kumsikia akisema uongo. Na mtu anayeweza kuwadanganya watu mia na hamsini kwa kipaza sauti, atashindwa kunidanganya mimi mmoja? Nikaelewa hesabu yake yote pale pale. Alitaka kitabu kiishe Ijumaa, kwa sauti yake, asimwachie msomaji mwingine. Kitabu alikihurumia. Mimi je?

Jioni nikamwandikia kwenye simu.

"Umesoma vizuri leo."

"Asante, roho yangu."

"Kitabu kinakwenda mbio siku hizi."

"Kitaisha Ijumaa."

"Kwa hiyo Jumapili unakuja kwa mama?"

Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Nilikaa nimeikodolea macho ile simu mpaka vidole vikafa ganzi.

"Ijumaa tutaongea."

Mama alikuwa jikoni anachambua maharage meusi.

— Huyo mtu wako anakula nyama ya nguruwe au ni wale wenye presha?

— Anakula, mama.

— Jumapili, eeh? Nimeshamwambia rafiki yangu Ramona anitafutie paja.

— Usinunue bado.

Akainua macho. Mama yangu, Engracia, hahitaji kuambiwa kitu mara mbili.

— Una nini wewe? Umekuwa mweupe kama unga.

— Naogopa, mama.

— Unaogopa nini? Mwanamume mwenyewe kazi yake kusoma!

Nilicheka, machozi yakatoka. Sikumwambia. Nilidhani nisipolitamka, halitakuwa.

Jumatano nilikutana naye bustanini, mbele ya kanisa, watu wakipita na mikate yao. Tulikaa benchi moja, katikati yetu nafasi ya mtu wa tatu, kama wageni wawili.

— Evelio, una jambo la kuniambia?

— Jambo gani?

— Nakuuliza wewe.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu akaivua tena.

— Yanelis amenipigia, alisema. — Binti yangu.

— Yule aliyeondoka na mama yake?

— Aliondoka ana miaka tisa. Sasa ana kumi na tisa. Anasema hakumbuki sauti yangu, Nere. Mimi ninayelipwa kwa sauti.

Nikangoja. Sema, nilimwambia kimoyomoyo. Sema sasa, nitakusamehe hapa hapa.

— Na anataka nini?

— Aah, mambo ya watoto.

Akainuka, akatazama saa.

— Ijumaa, mpenzi. Ijumaa tutaongea vizuri.

Akaondoka. Na mimi nilijua kabisa Ijumaa yake itakuwaje. Atafunga kitabu, atapigiwa visu, atasema "tukutane kesho", na Jumapili mimi na mama tutakaa na paja la nguruwe tukitazamana.

Mtaniuliza, kwa nini usimwambie uliiona tiketi? Wepesi wa kusema! Nikisema niliiona, nimekiri nilifungua kitabu. Nikikiri, mimi ni mwizi wa kesho, na meza yangu ya miaka kumi na miwili itakuwa jela. Na hofu kubwa zaidi, ile niliyoificha hata kwangu mwenyewe: nikimuuliza, atajibu. Ilimradi hajajibu, bado ni wangu.

Ijumaa ikafika. Evelio alipanda jukwaani na shati jeupe, limepigwa pasi. Limepigwa pasi kwa ajili ya nani?

— Wenzangu, leo tunamaliza.

Akasoma. Mungu amsamehe, sikuwahi kumsikia akisoma vizuri namna ile. Leonor na kapteni walikutana ukumbini kwa gavana, wote wamezeeka, na Leonor hakumpa mkono. Kapteni akapiga goti, na Leonor akageuka akaenda zake.

— Eeh! Barbarita akasimama na siga nusu mkononi. — Kwa nini hampi mkono? Mwanamume amerudi kutoka vitani, anapiga goti, na huyu anamgeuzia kisogo? Amekuwa na kiburi lini huyu mwanamke?

— Kweli! wengine wakadakia. — Hapo hapaeleweki!

— Ndivyo mwandishi alivyo…

— Siyo! nikasema.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta tu nimesimama, kisu mkononi, na vichwa vyote vimegeuka.

— Sivyo alivyoandika. Evelio ameruka kurasa arobaini.

Evelio alishika ukingo wa meza yake.

— Nereida, alisema taratibu. — Umejuaje?

Swali lilikuwa hilo, na alilijua, na mimi nililijua.

— Kwa sababu nilizisoma. Jumatatu, saa ya chakula. Panya ni mimi.

— Mwizi wa kesho! Arsenio akapiga kelele kutoka mlangoni, kwa furaha ya mtu aliyesubiri miaka sita.

Kisu cha kwanza kikaanguka sakafuni. Kisha cha pili. Kisha vikaanguka kama mvua ya mawe, ving, ving, ving, sakafu yote, na sikujua vingapi ni vyangu na vingapi ni vya Evelio. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo, na mdomo ukifunguka umefunguka.

— Niadhibuni mtakavyo! nililia. — Lakini kwanza asome alichoruka! Hamtaki kujua kwa nini Leonor hampi mkono?

Kelele zikapungua. Wasokotaji wa siga wana hasira, ndiyo, ila wana udadisi mkubwa kuliko hasira.

— Asome, alisema Barbarita.

— Asome! Asome!

Evelio akarudi nyuma kurasa arobaini. Akaanza. Saa ya kutoka ikapita, kengele ikalia, hakuna aliyechukua mkoba wake. Akasoma jinsi kapteni alivyotandika farasi alfajiri. Akasoma jinsi alivyosimama chini ya dirisha, akajiambia kuwa kuaga kutamuumiza mwanamke, kwamba kimya ni huruma. Hapo sauti ikamkwama. Akakohoa. Akajaribu tena. "Kimya ni huruma," alisoma, na mara hii haikuwa sauti ya kapteni.

— Endelea, mwenzetu! mtu akasema.

— Siwezi.

Akavua miwani.

— Kurasa hizi sikuzisoma kabla. Nilihesabu tu, nikaona muda hautoshi, nikaruka. Kesho naondoka. Madrid. Binti yangu amenitumia tiketi. Sikuwaambia nyinyi, na sikumwambia…

Akanitazama mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

— Sikumwambia Nereida, ambaye nilimwahidi kwenda kwa mama yake. Miezi saba nampenda mwanamke huyu, na nilikuwa nataka kuondoka kama huyu mshenzi wa kwenye kitabu.

— Loo! Barbarita akanigeukia, mkono kiunoni. — Miezi saba na mimi nakaa hapa ubavuni kwako kama gogo?

Evelio akashuka jukwaani, akapita katikati ya visu vilivyotapakaa, akafika mezani kwangu.

— Nilikuwa naogopa uso wako, alisema. — Uso huu hasa.

— Na mimi niliogopa jibu lako. Unarudi?

Angeweza kusema ndiyo. Ukumbi mzima ulikuwa unataka aseme ndiyo, na mimi kuliko wote. Nimesoma ndiyo hiyo mara mia tatu, ikisemwa chini ya mwezi, gatini, juu ya farasi.

— Nataka kurudi, alisema. — Lakini kila aliyeondoka alitaka. Usinisubiri, Nere. Nisije nikakufunga kwa neno ambalo sijui kama nitaliweza.

Nilimpiga kofi. Halafu nikamshika shati lake jeupe, nikalia kifuani kwake mpaka likawa halina pasi tena.

— Twende, nikasema. — Mama hana paja la nguruwe, ila maharage yapo.

Alikula sahani mbili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia:

— Mwanangu, ungekuja na uongo ningekufukuza. Umekuja na ukweli mbaya. Kula.

Jumamosi asubuhi aliondoka. Aliniaga. Kuliuma vilevile, msidanganywe na mtu.

Jumatatu wenzangu wakaketi kuamua adhabu yangu. Arsenio alitaka mwaka mzima wa kunyimwa kura. Barbarita akainuka.

— Tumebaki bila msomaji, na huyu hapa hawezi kujizuia kusoma. Tumpandishe jukwaani. Asome mbele atakavyo, lakini atusomee na sisi.

Wagombea tulikuwa watatu, kila mmoja akasoma dakika ishirini. Kura zilipohesabiwa, nilikuwa msomaji. Arsenio mwenyewe alinipigia kura, baadaye aliniambia.

Siku tisini ni nyingi. Mwanzoni alinitumia ujumbe wa sauti kila siku.

"Nere, Yanelis hakunikumbatia. Alinipa mkono, kama afisa."

"Nere, jana alicheka. Nilimsomea orodha ya vyakula hotelini kwa sauti ya gavana."

"Nere, leo ameniita baba."

Nilifurahi, naapa nilifurahi. Na kila nilipofurahi, hofu ilikaa pembeni ikinicheka. Baba amepatikana, sasa atarudi kufuata nini? Kukatika kwa umeme?

Siku ya sabini na nane akanyamaza. Nikaandika: "Uko salama?" Hakujibu. Siku ya themanini na tatu: "Evelio, hata kama ni hapana, niambie." Ujumbe hata haukumfikia. Mama akaacha kutaja jina lake, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Siku ya tisini ilipita. Siku ya tisini na moja nikaenda kazini, nikapanda jukwaani, nikafungua riwaya mpya. Nilikuwa ukurasa wa pili wa sura nilipousikia mlango mkubwa ukifunguka.

Sikuinua macho. Nilisoma. Niliona kwa pembeni vichwa vikigeuka, kimoja, viwili, safu nzima. Visu vikaacha kukata.

— Yesu wangu, alisema Barbarita.

Nikazidi kushika kitabu. Nikiinua macho nikamkuta mkaguzi wa tumbaku, nilijiambia, nitafia hapa hapa. Herufi zilikuwa zinaogelea.

— Nani huyo? niliuliza kwenye kipaza sauti, macho chini.

Nilisikia gurudumu la sanduku likikwaruza sakafu.

— Waliniibia simu, sauti ikasema, imechoka, ya vumbi la barabara. — Namba yako sikuwa nayo kichwani, Nere. Mimi ninayekumbuka kila kichwa cha habari nilichowasomea, na namba moja sikuishika.

— Umekuja kutembea au umerudi?

— Nimerudi. Yanelis anasema mimi ni kichaa.

— Binti ana akili. Kaa chini. Sura haijaisha.

Akakaa, mahali pangu pa zamani, meza ya tatu kutoka dirishani. Nikatafuta mstari. Nikaupata, nikasoma maneno matatu, nikakwama. Nikarudia maneno yale yale matatu. Ukumbi wote ulinisubiri, na hakuna hata mmoja aliyenisikiliza.

Ngazi za jukwaa zikalia. Barbarita, ambaye husoma silabi kwa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza, akanipokonya kitabu.

— Shuka, mwanamke, alisema. — Mimi nitasoma.

Nikashuka.